Mlango Usiofunguliwa kwa Shikamoo

Alifeli kwa adabu. Ndivyo fomu ilivyosema, kwa wino mwekundu na mwandiko uliolalia upande mmoja: "Mtahiniwa alimpisha mtekaji nyara, akamshika na mkono asijikwae." Pembeni, kwenye kisanduku cha alama, palichorwa sifuri iliyokolezwa mara mbili, kana kwamba ya kwanza isingeonekana.

Ilikuwa wiki ya tisa ya mafunzo ya wahudumu wa ndege, na mtihani wenyewe ndio ule uliowanyima wanafunzi raha tangu siku ya kwanza: ulinzi wa kabini. Chuo kilikuwa na kabini ya mazoezi ndani ya hanga kuukuu nyuma ya uwanja wa ndege. Ilikuwa ndege ya kweli iliyokatwa ikabaki kichwa na kifua, ikapandishwa juu ya miguu ya chuma. Ilikuwa na safu kumi za viti, choo kimoja, jiko dogo la mbele lenye toroli la vinywaji, na mlango wa chumba cha marubani. Mlango huo ulikuwa mzito kama wa benki. Ukiwa umefungwa, hakuna wa kuichukua ndege. Ukifunguliwa hata upana wa kiganja, tuseme kupitisha kahawa ya rubani, mhudumu mmoja hulaza toroli katikati ya njia, hukanyaga breki, husimama nyuma yake akiwatazama abiria, na hapo hapiti mtu. Hapiti mgonjwa, hapiti mtoto, hapiti mkubwa wa kampuni, mpaka mlango ulie "tak!" na kujifunga.

Binti huyo aliyefeli alizijua kanuni hizo kama anavyojua njia ya kwao. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mrefu, mwepesi wa miguu, na tangu akiwa darasa la pili alikuwa akizikimbilia dirishani ndege zote zilizopita juu ya nyumba yao. Basi siku ya mtihani alilaza toroli vizuri, akakanyaga breki vizuri, na nyuma yake mwenzake wa darasani waliyemwita Cheche, kwa jinsi asivyotulia, akafungua mlango kupitisha kahawa. Hapo ndipo akainuka kwenye safu ya tano mzee mwenye mvi na fimbo. Alikuwa rubani mstaafu aliyekuwa akiwasaidia wakufunzi, na wanafunzi walimwita Mzee Kapteni.

"Hujambo, mwanangu?" mzee akasema, akija polepole.

"Sijambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Miguu hii, mwanangu, haingoji."

Na binti akaachia breki. Akavuta toroli pembeni, akamshika mzee kiwiko, akamwelekeza chooni kwa mkono wa kulia. Mzee alimshukuru, akapiga hatua mbili kama kijana, akatia fimbo yake kwenye mwanya wa mlango wa marubani. Filimbi ikalia mpaka hanga likavuma.

"Ndege imetekwa!" alipiga kelele mkufunzi mkuu, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, Madamu Filimbi kwa wanafunzi wake akiwa hayupo. "Imetekwa kwa shikamoo!"

Darasa zima lilicheka mpaka watu wakashika mbavu. Tangu saa ile jina lake likawa Bi Adabu.

Cheko ni cheko, lakini kanuni ya chuo haikuwa na mzaha. Mtihani huo unarudiwa mara moja tu. Ukifeli mara ya pili, unaipeleka sare yako stoo ikiwa imekunjwa, kofia juu, unatia sahihi, unatoka kwa mlango wa nyuma. Bi Adabu alikuwa na siku tano.

Alifika nyumbani jua lingali kali. Mama yake alikuwa mezani sebuleni akisoma gazeti na kalamu mkononi, maana mwalimu mkuu akistaafu haachi kusahihisha.

"Shikamoo, mama. Nimefeli."

"Marahaba. Umefeli nini?"

"Ulinzi. Nilimpisha mtekaji."

Mama aliweka kalamu chini. "Alikuwa na bunduki?"

"Alikuwa na fimbo, mama. Ya kutembelea. Alikuwa mzee."

Akamsimulia yote, hata kiwiko. Mama alisikiliza bila kukatiza, kisha akavua miwani na kuifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji kufutwa.

"Kwa hiyo," alisema, "ni mimi niliyefeli."

"Sikusema hivyo."

"Nani alikufundisha kumpisha mkubwa? Nani alikurudisha nje usalimie upya ulipoingia kimya? Sasa wameandika sifuri kwenye fomu yenye jina la marehemu baba yako. Mtu aliyeendesha treni miaka ishirini na saba na hakuna siku aliyovuka taa nyekundu."

Binti akainamisha kichwa. Hakuna jambo lililomchoma kama hilo. Baba aliwaachia vitu vichache, na kilichong'aa kuliko vyote ni kwamba jina lake likitajwa popote, mtu huitikia, "Ah, yule!" na kutabasamu.

"Utarudia lini?"

"Ijumaa. Na safari hii kila mtahiniwa alete ndugu wawili wa kukaa kwenye viti. Madamu anasema wanafunzi wakijifanya abiria huwa wapole mno. Anataka watu wenye maswali."

"Vizuri. Nitakuja."

"Mama, nilikuwa nimefikiria shangazi na…"

"Shangazi yako akicheka haachi. Aje, lakini akae nyuma. Mimi nitakaa mbele."

Siku zilizofuata nyumba iligeuka ndege. Cheche, ambaye alikuwa ameshafaulu, alikuja kila alasiri. Walilaza meza ya kupigia pasi katikati ya ukumbi mwembamba wa kwenda jikoni, ikawa toroli, na mlango wa jikoni ukawa wa marubani. Cheche alikuja kama mlevi, akaja kama bwana harusi, akaja kama mama mwenye mapacha wanaotapika.

"Rudi kwenye kiti chako!" Bi Adabu alifoka, na alifoka kweli. Jirani alichungulia dirishani kuuliza kama kuna usalama.

"Umeona?" Cheche alirukaruka. "Sauti unayo! Ilikuwa imelala tu!"

Wakati huohuo mama akatokea uani na beseni la nguo kichwani, akija zake moja kwa moja. Bi Adabu aliinua meza ya pasi juu kwa mikono miwili, akajibana ukutani.

"Pita, mama. Pole."

Mama akapita. Cheche akajiachia sakafuni kama mtu aliyepigwa risasi. "Umekwisha! Wametekwa wote! Hata mimi mwenye kahawa nimekufa!"

"Yule ni mama," Bi Adabu alisema kwa hasira kidogo.

"Ndiyo maana nakwambia umekwisha." Cheche alikaa kitako, akamgeukia mama aliyekuwa anatua beseni. "Mama, tusaidie jamani. Ijumaa ukiona mtu anainuka mwelekeo wa mlango, wewe kohoa. Mara moja tu. Nani atajua?"

Mama alimtazama mpaka Cheche akaanza kurekebisha kola yake.

"Mwanangu," alisema, "katika nyumba hii watu wamefeli na watu wamefaulu. Aliyeibia mtihani bado hajazaliwa. Endeleeni na meza yenu."

Ijumaa asubuhi ndugu walijaa mlangoni mwa hanga wakiwa wamevaa kama waendao safari ya kweli. Kuna bwana mmoja mnene alikuja na sanduku. Shangazi alianza kucheka kabla ya kuingia. Mama alivaa gauni la kijani kibichi na kilemba kilichofungwa kama anakwenda kugawa vyeti, na mkoba wake mweusi mkononi.

Madamu Filimbi alipita akigawa bahasha ndogo, kila abiria yake, zimefungwa kwa gundi. "Ndani mna kazi yako. Isome, usimwonyeshe mtu, uitimize. Wengine hamna kazi, kaeni tu mwe abiria. Mtekaji ni mmoja na simtaji."

Bi Adabu, ndani ya sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, alimtazama mama yake akifungua bahasha. Mama alisoma mara mbili, akakunja karatasi, akaitia mkobani, akafunga zipu. Uso wake haukusema kitu. Ungefikiri amesoma bili ya maji.

Alipangiwa kiti cha 3C, kando ya njia.

Zoezi likaanza, na dakika ishirini za kwanza nusura zimmalize Bi Adabu bila mtekaji yeyote. Yule bwana mnene alitaka sanduku lake likae mapajani. Mwingine alitangaza kwamba hatafunga mkanda kwa sababu ndege haiendi popote. Shangazi aliomba maji, akayamwaga kwa kucheka, akaomba mengine. Na kengele ya 3C ililia mara tatu.

"Maji haya yamechemshwa?"

"Ni ya chupa, mama."

"Nilitaka kujua tu. Na huyu bwana hapa nyuma anapiga magoti kwenye kiti changu."

Kisha simu ya ndani ikalia. Bi Adabu aliinua mkono wa simu, akasikia sauti ya rubani wa mazoezi ikiomba kahawa. Alijua, kila mtu mle ndani alijua, kwamba saa ndiyo hii.

Akalaza toroli kwa upana. Akakanyaga breki. Akageuka na kusimama kifua mbele, macho kwenye safu zote kumi. Nyuma yake Cheche, aliyepangwa tena kuwa msaidizi, akagonga mlango. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, trei ikaanza kupita.

Safu ya tano, Mzee Kapteni akainuka na fimbo yake.

"Hujambo, mwanangu?"

"Mzee, rudi kwenye kiti chako." Sauti ilitoka safi, bila kutetemeka.

"Miguu hii…"

"Kaa chini sasa hivi! Cheche, mlango!"

"Unafungwa!" Cheche akajibu.

Kwa nukta moja Bi Adabu aliona ushindi kwa macho. Mzee alisimama palepale, akamtazama toka juu mpaka chini, akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Akatupa fimbo. Mfukoni mwake akatoa kisu cha mpira cha mazoezi, na mkono wake mwingine ukamshika bega abiria wa 3C.

"Simama, mama," alisema. "Mwambie binti asogeze toroli."

Na mama akasimama.

Karatasi iliyokuwa mkobani mwake iliandikwa hivi: "Ukishikwa na mtekaji, fanya atakalokuamuru, kwa nguvu zako zote." Na mwanamke huyu hakuwahi maishani kufanya kazi ya maandishi kwa nusu.

"Mwanangu," alisema. Haikuwa sauti ya kuigiza. Ilikuwa ileile iliyonyamazisha wanafunzi mia nane gwarideni bila kipaza sauti, ileile iliyomwamsha binti huyu kila asubuhi ya utoto wake. "Sogeza hilo toroli."

Shangazi aliacha kucheka.

"Cheche!" Bi Adabu aliita bila kugeuka. "Umefunga?"

"Trei imekwama!" Cheche alikuwa anahema. "Imebana mlangoni! Nipe sekunde! Nipe sekunde kumi!"

Sekunde kumi! Nani asiyeweza sekunde kumi? Lakini mama alikuwa ameshapiga hatua mbele, kisu cha mpira shingoni, na Mzee Kapteni nyuma yake akimnong'oneza maneno, na mama akiyapokea na kuyatoa makubwa zaidi kuliko alivyopewa.

"Mimi ndiye niliyekuzaa. Hujawahi kunikatalia kitu, leo utaanzia mbele za watu? Nimesema sogeza!"

Mguu wa Bi Adabu ulikuwa umeshafika kwenye breki. Hakuupeleka yeye, ulijipeleka wenyewe, kama ulivyozoea miaka ishirini na minne. Aliusikia ukigusa chuma. Nyuma yake trei ilikuwa ikikwaruza. Mbele yake mama alikuwa na jasho la kweli kwenye paji la uso, na nyuma ya mama zilikuwa nyuso za watu, bwana mnene na sanduku lake, shangazi na glasi yake, wote wamemkodolea macho yeye, wanangoja.

Ikamjia kama maji ya baridi usoni. Mtekaji akiufikia ule mlango, mama haokoki. Anakufa pamoja na hawa wote. Kumtii hapa ni kumwua.

Akauondoa mguu.

"Abiria wa 3C!" alipiga kelele. "Kaa chini!"

Mama alishtuka, na mshtuko huo haukuwa kwenye karatasi. "Unasema na nani?"

"Nasema na wewe! Kaa chini! Funga mkanda!"

"Mimi? Mimi mama yako?"

"Wewe, abiria wa 3C! Chini!" Mama akaponyoka, akajitupa kwenye kiti chake, na Bi Adabu akaachia breki kwa shauri lake mwenyewe, akalisukuma toroli mbele kwa uzito wake wote, nusu hatua, chupa zikagongana, likamkuta Mzee Kapteni ugokoni. Mzee akatoa ukelele ambao haukuwa wa maigizo. Breki ikashuka tena. Na nyuma, sauti tamu kuliko zote alizowahi kusikia: trei ikaanguka, na mlango ukalia "tak!"

"Umefungwa!" Cheche alilia kwa furaha.

Bi Adabu alibonyeza kitufe chekundu ukutani, kengele zikaanza kulia, na mkono wake ukanyooka kwa watu. "Wewe mwenye sanduku! Wewe wa 4D! Mshikeni!"

Kanuni ilisema abiria wenye nguvu waombwe msaada. Kanuni haikufikiria ndugu. Bwana mnene aliruka na sanduku lake, wa 4D akaruka, wa 6A ambaye hakuitwa akaruka, na shangazi akaja na glasi ya maji akaimwaga yote kichwani kwa Mzee Kapteni. Kisu cha mpira kilipaa mpaka safu ya nane.

"Mtihani!" Mzee alilia chini ya lundo la watu. "Jamani, ni mtihani! Mimi nina wajukuu!"

Filimbi ililia, ikalia, ikalia, na hakuna aliyeisikia mpaka Madamu alipopanda juu ya kiti.

Kimya kiliporudi, Mzee Kapteni aliinuliwa, akapanguswa maji, akatafutiwa fimbo. Alikuwa akicheka na kusugua ugoko kwa wakati mmoja. Madamu Filimbi aliandika kwenye fomu. Aliandika na kuandika. Cheche alimshika Bi Adabu mkono akaukamua kama nguo.

"Mguu wako uligusa breki kabla ya wakati," Madamu alisema hatimaye. "Nimeuona. Alama mbili zimekwenda."

"Ndiyo, Madamu."

"Nyingine zote umepata. Umefaulu."

Hanga lilipasuka kwa vifijo. Bwana mnene alimkumbatia mtu asiyemjua. Cheche alipiga vigelegele mpaka akakaukiwa. Bi Adabu hakumwona yeyote kati yao, alikuwa anamtafuta mama yake, na alimkuta kwenye kiti cha 3C, ameketi wima, mkoba mapajani, mkanda umefungwa na kukazwa.

Akapiga magoti kando ya kiti. "Mama, nisamehe. Nimekupigia kelele."

"Mbele ya watu thelathini na nane," mama alisema. "Niliwahesabu."

"Ndiyo, mama."

"Mtihani umekwisha?"

"Umekwisha."

"Basi nifungulie huu mkanda. Mikono imeanza kunitetemeka, sitaki watu waone."

Binti akaufungua. Mama akasimama, akaweka kilemba sawa, akaenda moja kwa moja kwa Madamu Filimbi na kuomba kuiona fomu. Aliisoma yote, toka majina ya juu, matatu kamili, la marehemu likiwa la mwisho, mpaka sahihi ya chini, kidole kikifuata mistari.

"Uligusa breki kweli?" aliuliza bila kugeuka.

"Kweli, mama."

"Basi ni haki." Akairudisha fomu. Kisha, kwa sauti ya mwanamke anayezungumza na mwenzake wa kazi, akasema, "Ningeweza kuongeza kidogo pale mwishoni. Alinikatiza."

Madamu Filimbi alimtazama kwa makini. Alikuwa amefundisha miaka kumi na sita, na hajapata kuona mateka kama huyu. "Mama, Jumatatu nina darasa jingine la watahiniwa wanne. Una nafasi?"

"Nitaangalia ratiba yangu," mama alijibu, na kalamu ilikuwa imeshatoka mkobani.

Jumatatu hiyo binti alikuwa chumbani kwake akipanga sanduku la safari yake ya kwanza ya kazi, beji mpya kifuani, aliposikia mlango wa mbele ukisukumwa na mama akiita toka ukumbini, sauti imemkauka, kilemba kimekaa upande.

"Watatu! Watatu wamenisogezea toroli! Mmoja alilia kabisa, ikabidi nimpe leso!"

"Na wa nne?" binti aliuliza akitokea.

Mama alivua viatu, akajitupa kwenye kiti, akanyoosha miguu na kucheka kama msichana.

"Yule aliniambia nikae."

"Ukakaa?"

"Nilikaa, mwanangu. Na mkanda nikafunga."